Leo Nimemlegezea Bosi Kamba

Leo nimemwachia punda ajiendeshe, wasee, na sijui kama nitarudia.

Wengi mnamjua Bosi, punda wa marehemu baba. Tangu tumzike mzee mwezi uliopita, mimi ndiye namwendesha tukiuza maji hapa Majengo. Kwangu anatembea kama amelazimishwa, na mimi sijawahi kumlegezea kamba.

Leo mchana mitungi ilikuwa tupu na barabara iko wazi, si mnajua Ijumaa. Nikakumbuka mzee alivyokuwa akisema: "Ukimwamini mwachie, njia anaijua kukushinda."

Nikaachia.

Bosi akatoka mbio. Mkokoteni unaruka, mitungi inagongana nyuma yangu, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Sikuogopa hata kidogo. Nikajiambia, hatimaye huyu mnyama amenikubali.

Tulipofika kona ya kwenda kuchota maji, akapitiliza.

Akaenda kusimama mwenyewe nje ya msikiti, pale ukutani ambapo baba alikuwa akimwacha kila Ijumaa akiingia kuswali. Masikio juu. Watu wakaanza kutoka. Kila mzee wa kanzu akipita, Bosi anageuza kichwa.

Jirani yetu mmoja akampapasa shingo, akaniambia polepole, "Mwache kidogo, binti yangu."

Nikamwacha. Viatu vikaisha mlangoni. Lango likafungwa. Bosi bado analiangalia.

Wenye wanyama humu, nisaidieni. Punda anaambiwaje kwamba mtu amekufa?