Mawenzi Ilipohamia Kushoto

Mwaka 1964 nilikuwa na miaka tisa, na hapo ndipo shida ilipoanza. Baba alifariki msimu wa kuchuma kahawa, na kabla matanga hayajapoa mwalimu wangu wa darasa la tatu akamwambia mama kwamba mtoto anayeandika kwa shoto hawezi kufundishika. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichukua kamba ya mgomba, akaufunga mkono wangu wa kushoto kiunoni. Nikaenda shule hivyo, nikarudi hivyo, nikala hivyo. Siku ulipofunguliwa, mkono ulikuwa umekwisha kunyamaza. Mwaka huohuo niliacha shule, nikashuka kutoka Mwika kwenda Moshi mjini kubeba mifuko ya fimbo za wazungu kwenye uwanja wa gofu.

Sitaki kuhurumiwa. Nayasema haya ili ujue kwa nini mtu ambaye mpaka leo husoma kwa kufuata kidole aliuza ng'ombe wa maziwa akanunua kamera na kompyuta, wakati majirani zake pale Rau walikuwa wananunua mabati.

Gofu niliijua kwa kuiangalia. Kedi, mbeba mifuko ya fimbo, hana mwalimu. Ana macho, na fimbo mbovu iliyotupwa na tajiri. Zote zilizotupwa zilikuwa za mkono wa kulia, kwa hiyo nami nikapiga kwa kulia, na nikapiga vizuri. Nilikuja kuwa fundi wa kutengeneza fimbo, nikafundisha wakubwa wengi wa mji ule swingi, yaani namna ya kuzungusha fimbo mpaka iukute mpira. Walikuwa wananiita mwalimu, na walikuwa sahihi.

Kulikuwa na mzungu mmoja tu wa shoto, mwenye shamba la kahawa. Alipofunga safari kurudi kwao aliniachia fimbo zake zote. Nilizifunga kwenye gunia nikazisukuma chini ya kitanda. Zililala huko miaka, na wakati mwingine nikiwa karibu kusinzia nilikuwa nazisikia zikigongana taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini.

Aliyezitoa ni binti yangu, kitindamimba. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, yeye akiwa anamaliza shule ya msingi. Nilikuta ameshika fimbo nyuma ya nyumba, kati ya migomba, amesimama upande ambao katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusimama. Akapiga kokwa la parachichi. Sikuona chochote, nilisikia tu. Mlio ulikuwa safi mno, nikamwambia arudie.

Basi nikampeleka uwanjani, akaingizwa kwenye kundi la watoto waliokuwa wanaandaliwa kwenda kucheza Arusha baada ya Pasaka. Mwalimu wa vijana alikuwa kijana aliyetoka Dar na vyeti vyake. Mwezi wa kwanza haujaisha, akaniita pembeni.

"Shikamoo mzee. Huyu mtoto ahamie kulia, la sivyo Pasaka namtoa."

"Marahaba. Kwani hapigi?"

"Anapiga, lakini anapiga kwa bahati. Mpira mmoja unakwenda mbinguni, mwingine unakwenda kwa majirani. Mtoto hujifunza kwa kuona, mzee wangu. Nani atamwonyesha kushoto hapa? Wewe?"

Maneno yake yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana yaliniuma. Mimi niliyezaliwa na shoto, nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika zile fimbo za kushoto, nikajaribu. Mikono ikagombana. Binti yangu akacheka mpaka akashika mgomba.

"Baba, unaua nyoka?"

Sikucheka. Nilikuwa naitazama kamba ya mgomba iliyokauka, inaning'inia pale kwenye shina.

Nikang'oa mlango wa kabati la nguo, ule wenye kioo, nikauegemeza kwenye migomba. Nikamwambia akae nyuma yangu, atazame kioo, asinitazame mimi. Kwenye kioo mtu wa kulia ni mtu wa kushoto. Nikapiga kwa mkono wangu nilioufundisha, swingi yangu ileile. Ndani ya kioo migomba ilikuwa inapepea, na katikati yake mtu mmoja akapita kama upepo.

"Sijaona, baba. Rudia polepole."

Lakini swingi ya polepole si swingi, ni mtu anajinyoosha. Nilihitaji kioo kinachokumbuka. Kioo ambacho ningeweza kukiambia simama, kikasimama.

Siku hizo Moshi ilikuwa imejaa vitu. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni enzi za uhaba tulipita mbele ya maduka tukiwa hatuamini. Kulikuwa na mama mmoja, Mwislamu wa pale mjini, babu yake alikuwa Mwarabu na bibi yake Mpare. Yeye aliuza kamera na redio na kompyuta za mtumba, na alizitengeneza mwenyewe. Nikaingia kwake nikachagua kamera kama mwanaume: kubwa kuliko zote, ya kubeba begani. Kwetu kwenye harusi, mwenye kamera kubwa hupewa nyama ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kabla hata ya wajomba, na mwenye kamera ndogo huulizwa yeye ni mgeni wa nani. Niliona hiyo inatosha kuwa sababu.

Ng'ombe alikwisha kuuzwa. Mke wangu aliizunguka ile kamera mezani mara kadhaa.

"Ng'ombe alikuwa anatoa maziwa," alisema. "Hii inatoa nini?"

Ilitoa ukungu. Nilijipiga picha ya video nikizungusha fimbo, tukaitazama kwenye televisheni, nikaisimamisha pale nilipotaka, na mikononi mwangu hapakuwa na fimbo. Palikuwa na moshi mweupe umetanda kuanzia begani mpaka chini, kama wingu linalokaa kiunoni mwa mlima. Mtu mwenye wingu. Na Pasaka ilikuwa inakuja.

Nikaibeba kamera begani, nikairudisha dukani. Yule mama wa duka alisikiliza, kisha akacheka huku amefunika mdomo kwa mtandio.

"Mzee wangu, umenunua kamera ya harusi. Bibi harusi hakimbii!"

"Usinicheke. Nipe inayofaa."

"Mangi, keti kwanza," akasema, kama mjini wanavyotuita sisi Wachagga.

Aliwasha pangaboi la dukani, likazunguka kwa kasi. Akalipiga picha kwa kamera yangu kubwa, akanionyesha: duara la ukungu. Kisha akachukua kamera ndogo inayoenea kwenye kiganja, aina niliyoidharau, akabonyeza mahali fulani. Akanieleza kwamba kamera ina kope kama jicho, wao wanaiita shata, na hii kope yake unaweza kuiamuru ipepese upesi sana, mradi jua liwe kali, kwa sababu jicho linalofunguka kidogo linahitaji mwanga mwingi. Akalipiga tena lile pangaboi, mlango ukiwa wazi na jua la mchana limejaa ndani. Akasimamisha picha.

Mapanga yalikuwa yamesimama. Juu ya mapanga niliona vumbi. Lilikuwa linazunguka pale juu ya kichwa changu, siwezi kulihesabu wala kulishika, na papo hapo lilikuwa limetulia kwenye kioo, nikaona hata utando wa buibui. Nilisahau niko dukani. Nadhani nilivua kofia.

"Hii," nikasema.

Kompyuta zilikuwa mbili. Moja nyeusi, inang'aa, ina taa za buluu na spika. Nyingine ya kijivu, imekwaruzwa ubavuni, inanguruma kama mashine ya kusaga. Safari hii sikuchagua kwa kuangalia. Niliuliza.

"Ipi inaweza kumgeuza mtu?"

"Kumgeuza vipi tena, mzee?"

"Wa kulia awe wa kushoto. Na asimame hewani ninapotaka."

Akafikiri. Akachukua kanda ya harusi, akachomeka waya mwembamba kutoka kwenye kamera. Ile nyeusi haikuwa hata na tundu la waya huo. Ilipiga muziki mzuri tu. Ya kijivu ilikuwa nalo, na ilikuwa na tumbo kubwa la kuhifadhi picha. Ikanguruma, ikafikiri, ikanguruma, na bwana harusi akahamia upande wa pili wa bibi harusi.

"Haya, pete nayo imehama mkono!" akasema yule mama. "Wakiiona hii watadaiana talaka."

Niliondoka na ya kijivu na kamera ndogo, nikamwachia ile kubwa. Mpaka leo nasema: ukitaka kununua chombo, usiulize kinafananaje. Uliza kama kitaondoa kinachokukosesha usingizi, halafu kijaribu hapohapo.

Tulingoja siku ya jua kali. Ilipofika, saa nne asubuhi, mlima ulikuwa wazi wote, hauna hata uzi wa wingu. Nikaisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikasimama mbele ya mlima na fimbo yangu ya kulia, nikapiga mipira mpaka jasho likaingia machoni.

Jioni tuliketi mbele ya kioo cha kompyuta, mimi na binti yangu. Nikabonyeza kama nilivyoonyeshwa. Picha ikageuka.

Kwanza niliuona mlima na vilele vyake viwili. Tangu nikiwa mgongoni mwa mama, Kibo imekuwa kushoto na Mawenzi kulia. Nikizinduka popote Moshi hujua niko wapi kwa hiyo. Sasa Mawenzi ilikuwa imehamia kushoto. Ilikuwa dunia nyingine, yenye jua lilelile, na katika dunia hiyo alisimama mtu wa umri wangu, mwenye shati langu, anazungusha fimbo kwa kushoto. Hakupigana na mikono yake. Nilimsimamisha fimbo ikiwa juu. Nikamshusha kidogo. Nikamsimamisha tena. Kingo zake zilikuwa na meno madogo kama ya kitana, lakini fimbo ilionekana yote. Huyo hakuwahi kufungwa kamba. Huyo labda alimaliza shule.

Binti yangu alisimama, akachukua fimbo ya yule mzungu, akajipanga mbele ya kioo kama mtu anayevaa nguo iliyomtosha. Kiwiko hapa. Goti hapa. Nilibonyeza, yeye akafuata, picha kwa picha, jioni ile na jioni zote mpaka mvua za masika zilipoanza kupiga bati.

Mama yangu alishuka kutoka Mwika kuja kutibiwa macho. Alikuwa mzee sana. Alimpenda mjukuu wake huyu, ila hakuwahi kupokea kitu kutoka mkono wake wa kushoto; angemwacha amesimama na kikombe mpaka abadilishe. Alikuta tunatazama picha. Akasogea karibu, pua karibu iguse kioo.

"Mlima umegeuka," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

Kompyuta ilikuwa inanguruma. Halafu akanishika kifundo cha mkono wa kushoto, palepale kamba ilipokuwa inapita, akaniuliza kwa Kichagga kama panauma. Nikamwambia hapaumi. Binti yangu akaleta chai, akamnyooshea kikombe kwa mkono wake ule. Mama akapokea.

Jumamosi kabla ya Pasaka binti yangu alipiga mbele ya mwalimu wa vijana. Mpira wa kwanza ulikwenda ulikotumwa. Wa pili ukaufuata. Mwalimu akatembea kumzunguka, akapiga mluzi.

"Nani kamfundisha?"

"Mimi."

"Mzee, wewe ni wa kulia!"

"Nani kakwambia?"

Arusha alikwenda, kwa kushoto. Hakushinda. Alirudi na mwavuli wa zawadi ya ushiriki na ngozi imemchubuka viganjani, akaniambia anataka kuendelea, naye ameendelea mpaka leo, sasa ni yeye anayefundisha watoto.

Leo nina kihamba cha Mwika, shamba la ukoo, kahawa na migomba. Nyumba ya matofali Rau. Ng'ombe watatu na ndama. Karakana ya fimbo. Kabati lisilo na mlango mmoja. Kompyuta ya kijivu, haiwaki. Kamera ndogo, inawaka ikitaka. Kanda moja, ya siku ile ya mlima, kavu, imefungwa kwenye nailoni.