Amefungiwa Nani Mnarani?

Mlango wa mnara wa kanisa la Aldersham ni wa mwaloni, mfupi, mnene kama godoro. Waliouweka zamani za vita walitaka kijiji kizima kiweze kujifungia ndani adui asiingie. Adui hakuja. Aliyenaswa na mlango huo ni Hester Thrower, binti wa mtunza kanisa, tena siku aliyokuwa anaondoka.

Mama yake alifariki mapema, na tangu hapo Hester akawa mikono ya baba yake. Alisugua vinara vya madhabahu, akafagia kinyesi cha popo kwenye viti, na kila wiki akapanda ngazi za mawe za kuzunguka kwenda kuitia ufunguo saa kubwa ya mnara isije ikasimama. Sifa za kanisa kung'aa alizipokea baba yake, mzee Amos, bila haya. Kitasa cha ndani cha mlango wa mnara kilikuwa kimelegea miaka nenda rudi. Hester akimkumbusha, mzee hujibu, "Mlango umesimama miaka mia sita, mwanangu. Leo ndiyo utatushinda?"

Wilfred Garrod, seremala aliyetaka kumwoa Hester, alipata nafasi ya kuhamia Australia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Jumamosi, basi la saa sita," alimwambia Hester. "Ukija, njoo na sanduku. Usipokuja nitajua umemchagua mzee, na sitakuuliza tena."

Hester alikwisha kuamua. Sanduku alilificha mnarani, chini ya saa, mahali ambapo magoti ya baba yake hayamfikishi. Jumamosi ile alipanda kulichukua, na kwa kuwa hakuwa na roho ya kumwachia mzee saa iliyosimama, akaitia ufunguo mara ya mwisho. Aliposhuka akakuta upepo umeubamiza mlango. Akashika kitasa. Kikambakia mkononi, na chuma chake kikaangukia upande wa nje.

Aliupiga mlango kwa ngumi, kwa kiatu, kwa sanduku lenyewe. Akapiga ukelele, wakamjibu kunguru. Basi akapanda mbio hadi kwenye kamba ya kengele kubwa, akavuta.

Kengele ile si ya mtu mmoja. Akivuta mara mbili pumzi inamkatika, anasimama. Mara mbili tena, anasimama. Mara mbili tena. Kule kwenye kituo cha basi watu wakanyamaza, maana Aldersham msiba hutangazwa hivyo: mbili, mbili, mbili, amefariki mwanamke, na zinazofuata ni miaka yake.

"Mwanamke huyo," alisema Gladys, mke wa muuza nyama.

"Ebu nyamaza tuhesabu, mama!" dereva akamkemea.

"Uhesabu nini? Kama si Bi Maud Cutting ni nani? Na juzi tu kanitukana, maskini ya Mungu!"

Dereva akazima gari, akavua kofia. Aldersham basi haliondoki kengele ya msiba inapolia. Hester hakulifikiria hilo. Mikono ilipomwisha nguvu aliiachia kamba, akakimbilia tundu la ukutani ili aite. Alimwona Wilfred, kofia mkononi, akiitazama njia ya kanisani. Aliita mpaka koo likawaka moto. Kengele ilikuwa imenyamaza. Dereva akavaa kofia yake, Wilfred akavaa ya kwake, wakaenda. Hester alikaa chini akalia kwa sauti, na hakuna aliyemsikia.

Jioni mzee Amos aliufungua mlango kwa nje. Akalitazama sanduku, kisha binti yake.

"Saa umeitia ufunguo?"

"Nimeitia, baba."

Kesho yake alikitengeneza kitasa. Kazi ya nusu saa! Mimi sijamsamehe mpaka leo. Wilfred alisema hatauliza tena, na hakuuliza. Bi Maud aliwafukuza kwa fagio waliompelekea keki za msiba, na kijiji kikacheka. Toka hapo kengele ya msiba ikilia, lazima mtu aulize, "Amefungiwa nani?" Hester alicheka nao, akazeeka nao, akiitia saa ufunguo kila wiki.

Majira ya baridi yaliyopita kengele ililia mbili, mbili, mbili. Gladys, ambaye sasa kumbukumbu imemtupa mkono, alimsukuma mwanawe. "Kimbia ukamfungulie Hester! Atalikosa basi!"

Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, alikwenda kweli. Mlango wa mnara ulikuwa wazi. Mpiga kengele alimsikiliza, akajifuta macho.

"Kamwambie mama yako, Hester ameshatoka."