Kisigino cha Mama wa Kambove

Siku yangu ya kwanza kwenye pavillon, yaani wodi, ya upasuaji, hapa Likasi, nilisugua kansa kwa brosi na sabuni. Nikasugua kweli, maana nilipenda sifa.

Nilikuwa nimetoka wodi ya uzazi, kule Buluo, muuguzi wa A2, cheti cha sekondari tu, aliyejiona profesa. Sista mkubwa wa pavillon alikuwa na desturi yake: kabla ya upasuaji, muuguzi mwenyewe anamuosha mgonjwa miguu, kwa sababu watu wetu wanakuja na udongo wote wa migodi. Asubuhi ile nilipewa Mama Odia wa Kambove, mwoshaji wa madini, mwenye uvimbe mgumu kwenye titi la kushoto. Kisigino chake kilikuwa na doa jeusi.

“Mama, weye umebeba kariere muzima ya madini ku kisigino?”

Akacheka. “Sugua tu, mutoto yangu. Minye nilishindwa.”

Doa halikutoka. Sikumwambia mtu, nani anaripoti uchafu? Daktari akakata titi, akatuma kipande Lubumbashi ndani ya formol, ile dawa inayozuia nyama isioze.

Jibu liliporudi, alikuja kwetu na uso mbaya.

“Hii kansa haikuzaliwa mu titi. Ni melanome, ya ngozi. Hakuna mutu aliona alama nyeusi ku mwili yake? Ningejua, ningetoa kwanza kipande kidogo. Singekata titi yote!”

Mimi nikaanza kupanga bandeji ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Ninyi vijana wa kazi hii, kansa ya titi karibu kila mara inazaliwa palepale. Mara chache sana inahamia kutoka mbali: ngozi, mapafu, ovari, hata damu. Basi muangalie mgonjwa mzima, mpaka nyayo.

Nilipokuwa nikimbadilishia bandeji, Mama Odia aliniuliza: “Mutoto yangu, kama ugonjwa ilitoka ku muguu, juu ya nini walikata titi?”

Nikasema daktari atamweleza. Mama akarudi Kambove, akafia huko.

Sasa nimepumzika kazi, na sitoki nyumbani. Hata soko linanifuata mlangoni. Anayeingia kwangu lazima anioneshe nyayo. Juzi nilimvua viatu jirani yangu, Mama Kapinga, nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu vyake.

“Mama Béa, hii maneno ungemuambia Mama Odia. Minye nilikuja kuomba chumvi.”