Ubao Nilioutundika Dirishani

Nilipoolewa Mahajanga nilitoka Nosy Be na masanduku mawili, mkeka mmoja, na ubao wangu wa chuo, ule wa mti mwepesi ambao baba yangu alinifundishia herufi. Shangazi zangu walinicheka sana. Bibi harusi anabeba ubao kama mtoto anayekwenda kwa mwalimu! Niliwaacha wacheke. Mimi ni mdadisi tangu utotoni, na mdadisi hupenda kuwa na mahali pa kuandika. Baba alisomesha watoto Kurani, na barua zake kwa jamaa wa Unguja aliziandika kwa Kiswahili. Ndiyo maana hadi leo, nikiwa na jambo refu la kusema, mkono wangu huliandika kwa lugha hii, ingawa maisha yangu yote nimenunua samaki kwa Kimalagasi na kugombana kwa Kingazija.

Mume wangu alikuwa baharia wa meli za pwani. Wiki mbili yupo, miezi miwili hayupo. Kwa hiyo mtu niliyeishi naye hasa alikuwa mama yake. Wateja walimwita Koko, yaani bibi kwa Kingazija. Mimi nilimwita Mama. Alikuwa mjane, mfupi, mkali, na alikuwa na dirisha.

Dirisha hilo lilitazama barabara iteremkayo bandarini. Sakafu ya nyumba ilikuwa juu, unapanda ngazi nne kuingia, na hivyo kizingiti cha dirisha kilikuwa sawasawa na kifua cha mtu aliyeketi juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Ndani palikuwa na sufuria ya wali na tatu za kitoweo: nyama ya ng'ombe, samaki wa nazi, na kisamvu, pamoja na bakuli la achari ya maembe mabichi. Nje ilipita mikokoteni yenye ngozi na magunia ya mchele, na pusipusi, vile vigari vya magurudumu mawili vinavyovutwa na mtu, na mara mojamoja lori.

Wala hakuna aliyesimama. Askari hawakuruhusu gari lolote kusimama mteremkoni, na ng'ombe wakishasimama pale na mzigo, kuwaondoa tena ni kazi ya asubuhi nzima. Chakula kilitolewa huku magurudumu yanazunguka. Mama alinyoosha mkono, mwenye mkokoteni akanyoosha wake, na kifurushi cha jani la mgomba kikapita katikati. Sarafu ilianguka katika kopo la kizingitini. Mtu akashuka zake bandarini, hatamu mkono wa kushoto, wali mkono wa kulia. Wavutaji wa pusipusi hawakuwa na mkono wa ziada, basi kifurushi chao alikabidhiwa abiria akishike mapajani, hata kama abiria mwenyewe ni bwana wa Kifaransa mwenye kofia nyeupe. Nilimwona mmoja akikishika kwa vidole viwili huku mchuzi unamtonea kwenye suruali. Nilicheka hadi nikakaa chini.

Lakini kilichoninyima usingizi ni jambo jingine. Hakuna aliyeagiza.

Mkokoteni ukitokea kule juu kwenye kona, mkono wa Mama ulikwisha kwenda kwenye sufuria. Huyu nyama, huyu samaki, huyu kisamvu kitupu bila achari. Alijuaje? Wengi wa watu wale walitoka kusini ya mbali sana, wakatembea kwa miguu kuja kutafuta kazi, na kila mmoja alikuja na mwiko wake, fady kama wanavyoita wenyewe. Mmoja hali mbuzi kwa ajili ya kisa cha babu yake. Mwingine hali mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Mwingine ana hirizi ambayo kitunguu kikimgusa ulimi huiua nguvu. Wengi wao hawakuwa Waislamu, lakini Mama alichunga miiko yao kama alivyochunga saumu yake. Sikuona mtu akikosewa katika miezi yangu ya kwanza pale.

Nilimwuliza alijuaje. Akasema, "Tazama mikono yangu. Mdomo wako upumzike kidogo."

Nikauliza tena kesho yake, na keshokutwa. Alichokubali kunieleza ni habari ya dirisha lenyewe. Mumewe alikuwa mchukuzi bandarini, akaangukiwa na mzigo, na watu wa mikokoteni ndio waliompandisha mteremko hadi nyumbani, wakachimba kaburi pamoja na majirani, wakaleta kuni siku zote za matanga. Eda ilipokwisha alitaka kuwapikia. Wao wakasema hawawezi kuacha ng'ombe mteremkoni waingie kula. Basi wakaja siku ya mapumziko na misumeno, wakatoboa ukuta wa mbao, wakatia kizingiti. "Hili dirisha ni lao," Mama alisema. "Mimi nakaa nyuma yake tu."

Nililipenda dirisha hilo kupita kiasi, nakiri. Kwetu Nosy Be, mwanamke wa nyumba yetu aliijua dunia kwa habari alizoletewa, pamoja na harufu ya mlangilangi kutoka mashambani. Pale Mahajanga dunia yenyewe ilipita mbele ya pua yangu kila asubuhi, nami nina kijiko mkononi na sababu halali ya kuitazama.

Kisha nikaona kwamba Mama haoni.

Alikuwa ameficha vizuri. Aliijua mikokoteni kwa mlio wa magurudumu, kwa kengele za ng'ombe, kwa kikohozi cha mwenyewe. Mboni zake zilikuwa zimeanza kufunikwa na ukungu, mtoto wa jicho, na mvua ikinyesha juu ya mabati masikio nayo hayakumsaidia. Siku moja ya mvua alimpa kifurushi mzee mmoja wa kusini, mwenye ng'ombe wa pembe moja, mteja tangu siku za ile misumeno. Mzee alinusa jani kabla ya kulifungua. Akakiweka juu ya magunia. Jioni, akipanda na mkokoteni mtupu, alikirudisha kifurushi kizingitini, kimefungwa vilevile.

Mama alikipapasa fundo lake. Halafu akasema, "Likitokea tena nafunga. Nitakwenda kwa dada yangu Ngazija. Wewe utarudi kwa baba yako mpaka mumeo apate nyumba nyingine. Siwezi kumlisha mtu kitu kitakachomwua moyo wake."

Niliogopa. Sikumwogopea yeye peke yake, nasema kweli. Nilijiogopea mimi na dirisha langu. Nilijiambia: yeye hana macho, mimi ninayo, na ninajua kuandika. Shida iko wapi?

Nikakoroga wino kama alivyokuwa akikoroga baba, masizi ya chungu na maji ya gundi, nikauchukua ubao wangu na kuanza. Nilitazama nani anapokea nini. Nilichungulia majani yaliyotupwa njiani kuona nini kimebakizwa. Niliwauliza abiria. Niliwauliza watoto wa jirani. Mvutaji mmoja nilimwuliza mwenyewe, kwa sauti, huku anapita, kwa nini hali mbuzi, naye akaongeza mwendo kana kwamba nimemrushia jiwe. Sikutia akilini. Majina yao sikuyajua, kwa hiyo niliwaandika kwa vyombo vyao: gurudumu jekundu, hali mbuzi. Kigari kinacholia kama bata, hali mkunga. Ng'ombe wa pembe moja, hali kitunguu. Nilipofika mistari ishirini niliutundika ubao ukutani, ubavuni mwa dirisha, mahali pa kuuona upesi nikipakua. Nilijiona mjanja kweli kweli. Mama hakuuona, na mimi sikumwambia.

Siku ya kwanza tulirudisha nusu ya wali sufuriani. Siku ya pili walisimama wateja watatu, yaani hawakusimama, ila mnanielewa. Siku ya tatu mikokoteni yote ilipita upande wa pili wa barabara, watu macho mbele, kama wanaopita mbele ya nyumba yenye ndui. Mama aliketi mkono umenyooka dirishani na kifurushi juu yake. Gurudumu lilisikika, likapita. Akauvuta mkono ndani, akaunyoosha tena kwa lililofuata.

"Wananiogopa," alisema. "Wamejua kwamba sioni."

Hapo ndipo nilipoona haya mwilini mwote. Nikatoka mbio, nikavuka barabara, nikamfuata yule mzee wa pembe moja, nikitembea ubavuni mwa ng'ombe wake. Nikamwuliza, kwa Kimalagasi changu cha Nosy Be ambacho kiliwachekesha wote, Koko amewakosea nini.

Hakucheka. "Koko hajakosa," alisema. "Wewe, bweni, ndiye unayeandika." Bweni ndivyo walivyomwita mwanamke wa heshima pale mjini.

"Naandika chakula tu."

"Watoto wa jirani wanasema unaandika kigari cha nani kina rangi gani na kinalia vipi. Nani mwingine huandika hivyo? Karani wa kodi. Karani anayetafuta watu wa kwenda kulima barabara bure. Watatu kati yetu hawana karatasi ya kodi."

Nikasema hayo ni maandishi ya Kiarabu, karani hawezi kuyasoma. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na miiko yetu? Mtu anayejua mwiko wangu anajua pa kunidhuru. Koko anaujua kwa sababu kila mmoja wetu, siku ya kwanza, huacha ng'ombe chini bandarini, hupanda kwa miguu, huingia mlango wa uani na kumwambia sikioni. Mara moja. Wewe nani alikwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeokota.

Nilirudi nikamweleza Mama kila kitu, nimesimama mlangoni kwa sababu sikuthubutu kuingia. Nilitazamia kelele. Akauliza ubao uko wapi, akapapasa ukuta hadi akaupata. Alipitisha vidole juu ya mistari yangu.

"Umeandika vizuri?" aliuliza.

"Hati nzuri, Mama."

"Baba yako alikufundisha. Leta beseni na kopo la maji."

Tulitoka nje, mimi na yeye, tukasimama chini ya dirisha ukingoni mwa barabara, saa ambayo mikokoteni inashuka mmoja nyuma ya mwingine. Jirani zetu walitoka milangoni. Mama aliushika ubao juu ya beseni akanimiminia maji, nami nikasugua kwa kiganja, mstari baada ya mstari: gurudumu jekundu, kigari cha bata, wote wakaondoka na maji meusi. Kisha akachota kikombe kutoka beseni akaninyooshea.

Kila Mwislamu wa pwani analijua kombe: aya zinaandikwa kwa zafarani, zinaoshwa, mgonjwa anakunywa. Hili halikuwa kombe, maana halikuwa na aya hata moja, na baba yangu angekasirika. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya chini.

"Ulivichukua vitu vya watu," alisema, na sasa alisema kwa Kimalagasi, kwa sauti iliyovuka barabara. "Huwezi kuvirudisha. Basi vikae tumboni mwako, visitoke tena. Kunywa."

Nikanywa. Kilikuwa na ladha ya moshi na mbao, na uchungu wa gundi ulinishika kooni. Nilikunywa kikombe chote huku natazamwa na mtaa mzima, meno yangu meusi, machozi yananitoka, na sijui hadi leo machozi yale yalikuwa ya uchungu wa gundi kiasi gani na ya aibu kiasi gani. Mama akachota cha pili. Nikanywa na hicho.

Ng'ombe wa pembe moja akasimama.

Alisimama katikati ya mteremko na mzigo wote wa magunia nyuma yake. Askari alipuliza filimbi. Mikokoteni ya nyuma ikasimama nayo, mmoja baada ya mwingine, na watu wakapiga kelele kwa lugha tatu. Mzee aliteremka, akaweka jiwe nyuma na jiwe mbele ya gurudumu, bila haraka, akavuka hadi nilipokuwa. Alinuka jasho na ngozi. Aliinama akaweka mdomo wake sikioni mwangu, akaniambia mwiko wake.

Haukuwa kitunguu.

Kitunguu nilikikisia mimi, kwa kunusa kile kifurushi alichokirudisha. Mwiko wake ulikuwa kitu kingine kabisa, kitu ambacho nilikuwa nakitia katika kisamvu kila siku ili kukipa utamu, na ambacho kwa ubao wangu ningempakulia asubuhi yoyote nikiwa na moyo mweupe, nikijisifu.

Waliuzuia mkokoteni ule watu tisa usiporomoke, na jua lilikuwa juu ulipokwisha kuondoka. Wengine walikuja siku zilizofuata, mmoja mmoja, kwa mlango wa uani, miguu na vumbi. Mama aliwaambia waniinamie mimi. Yeye aliketi pembeni, macho yake meupe yametazama sufuria, na kila mmoja alipokwisha kusema alimpa mkono. Hakwenda Ngazija. Nilipakua kwenye dirisha lile miaka mingi, na wali haukurudi tena sufuriani.

Msomaji mdadisi atataka kujua yule mzee aliniambia nini. Namwelewa sana, ningekuwa yeye, nami ningeuliza. Siandiki.