Kura ya Mama Maktaba

Saa moja kasorobo asubuhi, kengele ya shule haijalia, na Mama Maktaba anafuta rafu ya chini kwa kitambaa chenye maji. Kila siku anaanzia hapo. Ndipo wanapofika wadogo, na wadogo, anasema, "wanakuja na mikono iliyotoka kwenye chai."

Chumba hiki kilikuwa stoo ya madawati mabovu, naye alikuwa mfanya usafi wa shule. Miaka kumi na miwili iliyopita yalipoletwa maboksi ya vitabu, hakuna aliyemkabidhi ufunguo. Alikuwa nao tayari.

"Nikavipanga kwa rangi," anasema, akijifunika uso kwa kiganja. "Vyekundu huku, vya bluu kule. Mtoto akitaka kitabu cha wanyama namuuliza, cha rangi gani? Mume wangu alikuja kuona, akasema mke wangu, umefungua duka la vitambaa."

Mwaka jana wilaya iliunda kamati ya kuandika viwango vya maktaba za shule: ukubwa wa chumba, vitabu kwa kila mtoto, saa za kufungua. Wajumbe wanane walikuwa wasomi wa fani hiyo. Wa tisa alikuwa yeye, aliyeitwa kwa sababu hufungua mlango wa maktaba kila siku.

Hakwenda kukaa kimya. Ni yeye aliyeshikilia kwamba maktaba ifunguliwe wakati wa mapumziko. "Ikifungwa saa ambayo mtoto ana nafasi, hiyo ni stoo," aliwaambia, na wakaandika.

Kisha kikaja kipengele cha msimamizi: kila maktaba ya shule iongozwe na mtu aliyesomea ukutubi. Mwenyekiti alikisoma kwa sauti ya chini. Wajumbe wakaanza kuangalia kalamu zao, maana kila mmoja alijua ni nani angemwaga unga.

Mama Maktaba alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono kukubali.

"Nyumbani binti yangu aliniuliza kama nina homa," anasimulia. "Baba yake alinimiminia chai tu, nikajua amekasirika."

Sababu ya kura ile ni msichana ambaye shule nzima inamwita Redio, kwa vile hazimiki. Akiwa darasa la tatu alikuwa anachukua kitabu ambacho Mama Maktaba amekwisha kuwasomea, anawasomea wadogo, kidole chini ya maneno, na sauti ya kila mhusika.

"Nilimpenda kuliko wote, nisikufiche. Mgeni akija, namwita Redio asome."

Siku moja mkutubi wa shule ya jirani alikuja kuazima ramani. Alimsikiliza Redio kidogo, akamfungulia ukurasa mwingine. Redio akaendelea na hadithi ile ile, pale pale alipoishia.

Mtoto alikuwa ameishika hadithi yote kichwani. Kusoma hakujua.

"Yule mama hakunilaumu," anasema Mama Maktaba. "Aliniuliza tu huwa nawapimaje watoto wangu. Mimi sikujua kama kuna kupima. Nililia chooni. Kumpenda nilimpenda, lakini kazi sikuijua, na miaka miwili imempotea yeye."

Mkutubi yule alirudi kila Ijumaa kumfundisha Redio, na Mama Maktaba akakaa kiti cha nyuma, akitazama.

Viwango vitaanza kutumika mwakani. Kwa hiyo kila Jumamosi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja, anakwenda chuoni kusomea cheti pamoja na vijana wanaomwita bibi. "Mtihani wa kwanza nilianguka," anasema. "Nilianguka na kiti chake." Wa mwisho ni mwezi ujao.

Mwalimu mkuu anamwombea, lakini hamwahidi kitu. "Asipofaulu sina la kufanya," anasema. "Ndicho kiwango, na yeye ni mmoja wa walioandika."

Je, anajuta? Anatikisa kichwa. "Ikibidi nitarudi kwenye ufagio, na hapa atakaa anayejua. Ila natamani anayejua awe mimi. Nataka niwepo Redio akifika rafu ya juu."

Mapumziko yanafika, na Redio, sasa darasa la sita, anaingia na kuchukua kitabu cha chuo mezani bila kuomba. Ndiye msahihishaji wake wa mazoezi ya mtihani. Anauliza jinsi ya kumpima msomaji mdogo. Mama Maktaba anafumba macho na kujibu neno kwa neno, bila kukwama.

Redio anafungua ukurasa mwingine, anauliza swali jingine. Mama Maktaba anaendelea na jibu lile lile.

"Mama," anasema msichana taratibu, "hapo hujasoma. Umekariri."

Mama Maktaba anacheka mpaka miwani inamdondoka. Anaiokota, anaifuta kwa pindo la kanga yake, anaivaa.

"Haya, mwanangu," anasema, akisogeza kiti karibu. "Turudi mwanzo. Polepole."