Mikono ya Milango ya Dada

Wageni wakija kwangu Handeni huisifu nyumba kwa nje, wakiingia ndani wananyamaza. Wanatazama mikono ya milango. Chini vigae, juu dari nyeupe, halafu milango ya mninga imefungwa vitasa vyenye mikono ya kijivu, ncha imepinda kama mkia wa mbwa. Mmoja alinipasulia, "Mzee, hapa ungeweka ile ya dhahabu." Nikamwambia anywe chai yake. Nyumba hii nimeijenga mimi niliyeishia darasa la nne. Dhahabu naijua. Mikono hii niliichagua kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo ni dada yangu, wa kwanza kwetu. Mama alipofariki mimi nilikuwa bado wa kubebwa. Dada, naye msichana tu, akanifunga mgongoni akaenda nami shambani kule Kwamsisi, na mgongoni huko ndiko nilikokulia. Nilipopata nguvu nikaanza kwenda Segera kuuza machungwa kwa abiria wa mabasi. Yeye ndiye aliyeyachuma na kuyaosha. Nilikuwa narudi giza limeingia. Mlango wetu wa nje ulifungwa kwa gogo, na dada hakuliweka gogo mpaka anione nimeingia. Nilikuwa namkuta anasinzia amekaa, gogo limelala mapajani.

Watu wanasema nimejitengeneza mwenyewe. Na mimi hujisifu hivyo hivyo, sikatai. Ila kabla sijaanza kujitengeneza kulikuwa na mtu ananisubiri na gogo mapajani.

Mwaka juzi alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta. Mkono wa kushoto ndio unaoshika mkongojo. Nyumba yangu wakati huo ilikuwa inamaliziwa, milango imeshapachikwa lakini haina vitasa. Nikaenda Kwamsisi kumwambia aje akae kwangu, chumba kipo, choo kipo humo humo ndani ya nyumba. Akaniuliza swali moja.

"Hicho chumba kina mlango?"

"Kina mlango, dada. Tena wa mninga."

"Basi siji."

Kwake ndani hakuna milango, kuna mapazia. Pazia unalisukuma kwa bega, umepita. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Mimi naamka alfajiri nikatawadhe. Huo mlango nitaufungua na nini? Nipige kelele nifunguliwe kila siku, kama mbuzi?"

"Nitaung'oa niweke pazia."

"Nyumba nzima milango, chumba changu pazia, kama stoo? Na choo je? Hapana, mdogo wangu. Nitakuja siku nitakayoweza kutoka mwenyewe bila kumwita mtu."

Dada akisema neno limesemwa.

Nikaenda Korogwe, kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ni mama wa Kishambaa kutoka Dindira, anaongea na wewe huku anapanga misumari, na hakosei. Macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye vile vitasa vya duara, vya dhahabu, vinameta kama meno ya tajiri. Nikatia mkono mfukoni, nikajaribu kimoja kwa kiwiko. Kikateleza. Nikajaribu tena, kikateleza.

"Mzee wangu, mkono unauma?"

"Hauniumi mimi. Wa dada yangu umelala."

Akanionyesha vyenye mikono mirefu, iliyonyooka. Niliubonyeza mmoja kwa kiwiko, ukalia kla, kitasa kikafunguka. Nikachukua vya nyumba nzima, maana mimi sifanyi mambo nusu nusu.

Fundi alifunga cha kwanza kwenye mlango wa chumba cha dada. Nikakodi gari, nikamleta aje kujaribu. Akasimama ndani, akaweka kiwiko, kla, akarudi hatua na mlango ukamfuata. Nikataka kupiga makofi. Akaanza kupita. Mkono wa mlango ukadaka kanga yake kiunoni. Sasa yeye hufunga kanga kwa mkono mmoja, fundo lenyewe ni legelege. Kanga ikabaki mlangoni, dada akatoka na gagulo mbele ya fundi.

Fundi, Mungu amjalie, aligeukia ukutani kama mtu anayepima kitu.

Dada hakupandisha sauti. "Mlango wako unavua watu nguo," alisema. "Nirudishe nyumbani."

Nikamrudisha.

Jioni nilimlalamikia mke wangu. Mirefu ile niliijaribu mwenyewe dukani, ilifanya kazi vizuri, sijui kosa liko wapi.

"Uliijaribu umevaa nini?"

"Nguo zangu. Suruali."

Mke wangu akaenda chumbani akaniletea jozi ya kanga, akanitupia mapajani.

"Nivae hizi Korogwe?"

"Kama humtaki dada yako, vaa koti."

Nikazivaa. Si nyumbani, hapo hapo dukani, juu ya suruali. Yule mama alicheka mpaka akashikilia meza. Jamaa mmoja aliyekuja kununua saruji akaniuliza, "Mzee, hongera, arusi lini?"

"Kadi yako ya mchango inakuja," nikamwambia, "usikimbie."

Mwenye duka akafuta machozi, akatoka nyuma ya meza. Akachukua ubao wenye sampuli za vitasa, akausimamisha kama mlango, mimi nikawa napita ubavuni kwake, huku na huku. Wa kwanza ulidaka kanga. Wa pili ukaidaka na kuitoboa. Halafu nikapita kwenye mmoja wa kijivu, mnene kidogo, ncha yake imepinda kurudi mlangoni, haikuacha pembe ya kunasa nguo. Kanga ikateleza ikaenda zake.

"Rudia," akasema mama. "Rudia kwa haraka, kama umeitwa."

Nikarudia. Ikateleza.

"Ipo ya dhahabu ya namna hii?"

"Hamna, mzee wangu. Ni hiyo hiyo ya kijivu."

Nikameza mate. Nikamwambia anipe ya nyumba nzima. Akaipokea ile mirefu niliyoirudisha bila kununa, na mpaka leo nikipita Korogwe lazima nimsalimie.

Dada hakutaka kusikia habari ya kuja kujaribu tena. Basi nikamwambia fundi anifungie kitasa kimoja kwenye kipande cha mlango wa zamani, nikakipeleka Kwamsisi. Nikasimama kwenye pazia la chumba chake nimekishika wima, mimi ndio fremu. Dada akaweka kiwiko, kla. Akapita. Akarudi, akapita tena, safari hii anairusha kanga makusudi. Aliutafutia ugomvi ule mkono. Haukujibu.

Akasimama kunitazama. "Wewe umeujaribu?"

"Nimeujaribu dukani. Nimevaa kanga."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Ulifungaje?"

Nikamwonyesha. Akacheka kwa upande wa mdomo unaocheka. "Ndiyo maana walikucheka. Umefunga kama mzigo wa kuni." Halafu akakaa kitandani, akasema, "Haya. Nikunjie nguo zangu."

Alfajiri yake ya kwanza kwangu, niliamka mapema nikabaki nimelala nasikiliza. Kla. Mkongojo. Maji ya kutawadha. Mwili wangu wote ulitaka kuinuka kwenda kumsaidia. Sikuinuka. Kulipokucha nikamkuta barazani, tasbihi mkononi.

"Shikamoo dada. Mbona hukuniita?"

"Marahaba. Nikuitie nini?"

Basi hivyo ndivyo tunavyoishi, Alhamdulillahi. Kila alfajiri nausikia mkono wa mlango wake ukilia, nami najiandaa kuswali. Ila siondoki kitandani mpaka nisikie umelia mara ya pili, nijue dada amerudi ndani.