Mgeni wa Mabwawani

Fundi cherehani yule hakuna aliyemwita kwa jina lake. Mtaa mzima ulimwita Bwana Ndege, na mkewe ndiye aliyeanza. Jumapili wenzake wakijilalia, yeye alikuwa anabeba darubini yake na kwenda zake kutazama ndege na kikundi chake: mwalimu mstaafu, dereva wa lori na nesi mmoja mcheshi. Mkewe akiulizwa mumewe yuko wapi, hujibu kwamba yuko kwa mke mkubwa.

Kikundi kilikuwa na sheria moja, na hakikuwa na mchezo nayo: ndege hahesabiwi mpaka umemwona kwa macho yako mwenyewe. Hakuna anayekagua. Ukisema umemwona, basi umemwona.

Siku moja habari zikaenea kwamba kwenye mabwawa ya majitaka, nyuma ya kiwanda cha sabuni, ametua mgeni aliyepotezwa njia na dhoruba, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kwenda juu. Bwana Ndege alikuwa akimtamani huyo tangu ujanani. Safari hii akambembeleza mkewe waende wote, asimwambie kwamba alihitaji mkono wa kushika njiani. Ukungu ulikuwa umemwingia machoni, na sindano alikuwa akiitunga kwa kupapasa. Alimficha mkewe, akawaficha na wateja, maana nani atampelekea kitambaa fundi asiyeona? Alijua pia kwamba huenda huyu ndiye ndege wake wa mwisho.

Harufu ya pale ilikuwa haisemeki. Mkewe alijiziba pua kwa mtandio, akauliza kama huyo mgeni alikosa kabisa pengine pa kufikia. Dereva akawanyamazisha, akanong'ona: kwenye tope, kushoto kwa bomba. Nesi akasema amemwona. Mwalimu naye akasema amemwona.

Bwana Ndege aliinua darubini, akaona weupe mtupu. Akafuta vioo, akainua tena. Weupe ule ule. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa limeshamfika kwenye ncha ya ulimi.

"Vipi, Bwana Ndege, umempata?" mwalimu aliuliza.

"Sijamwona," alisema. "Na sitamwona. Macho yangu yameharibika, jamani, siku nyingi."

Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto. Mkewe alikuwa na mengi ya kumwambia, lakini aliyaweka kiporo. Alimsogelea, akaanza kumsimulia kwa sauti ya chini: ni mdogo kuliko alivyodhani, anakimbiakimbia kama mtu aliyechelewa kazini, na mdomo kweli umepinda, anauchomeka topeni kisha anauosha majini.

"Ameruka," akasema ghafla.

"Kaelekea wapi?"

Mkewe alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza taratibu upande ule, naye akatazama huko mpaka alipoambiwa kwamba ndege haonekani tena.